Mhunzi Kwenye Kengele ya Mlango Wetu

Lille, Kaskazini mwa Ufaransa, 11 Novemba

Ndugu yangu Abdallah,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji, watoto, na mzee wako na uhunzi wake pale Ngamiani, Tanga. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaanza kutung'ata masikio. Najua utacheka kuona karatasi badala ya ujumbe wa simu. Leo ni sikukuu, maduka mengi yamefungwa, mama kijacho amelala na tumbo lake la miezi minane, na lile swali lako la juzi si la kujibiwa kwa kidole gumba.

Uliniuliza: "Hao wakwe zako, jina lao lina maana, au ni kelele tu za Kifaransa?" Lina maana, tena ukiisikia utasema nimeitunga. Baba mkwe wangu na mzee wako ni jina moja.

Linaandikwa Lefebvre. Hiyo b ya katikati usiiguse, haitamkwi. Sema "Lefevr" na mwisho uumeze. Fèvre kwa Kifaransa cha zamani ni mhunzi, na hiyo Le ya mbele ni kama kusema "yule". Yule Mhunzi, basi. Asili yake ni faber ya Kilatini, fundi wa vitu vigumu. Hiyo b imetoka huko huko: kwenye matamshi ilikuwa imeshayeyuka zamani, lakini makarani waliosoma Kilatini waliona aibu kuiacha nje, wakairudisha kwa kalamu. Watu wakaendelea kutamka vile vile. Basi kila Lefebvre anabeba mfukoni herufi moja ya maringo ya karani.

Baba mkwe mwenyewe hajawahi kushika nyundo ya maana. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na ukimpa msumari atajipiga kidole.

Hapa kwenye jengo letu, kwenye ubao wa kengele pale chini, akina Lefebvre ni watatu, na hakuna undugu kati yao. Mwanzoni nilidhani ni ukoo mmoja mkubwa, kama ningekuta kina Shekilango watatu nyumba moja. Kumbe sivyo. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na kwa kawaida alikuwa mmoja tu. Hapo ndipo penye siri. Kumwita mtu "Jean Mkulima" kijijini hakusaidii kitu, maana wote ni wakulima. Ila ukisema "Jean yule mhunzi", hata mtoto anajua umtafute wapi: fuata moshi. Vijiji maelfu, wahunzi maelfu, na kila mmoja akaanzisha Lefebvre yake bila kumjua mwenzake.

Na kwa sababu Ufaransa ya zamani ilikuwa na lugha nyingi kuliko wanavyopenda kukumbuka, mhunzi huyo huyo anabadilika kila ukisafiri. Huku Kaskazini ni Lefebvre. Sehemu nyingine unamkuta Lefèvre, bila b. Teremka kusini, walikokuwa wakisema Kioksitani, ni Fabre au Faure. Panda milima ya Savoie, ni Favre. Nenda Bretagne, ile rasi ya magharibi inayochomoza baharini, wenye lugha yao ya peke yao: Le Goff. Alsace, mpakani na Ujerumani, ni Schmitt. Na hapa hapa kwetu, upande wa Waflandria, mpakani na Ubelgiji, wapo akina Desmet. Wote hao ni mzee wako na fuawe yake. Ukitaka kujua Mfaransa ametokea upande gani, muulize mhunzi wake anaitwaje.

Kilichonichekesha ni kwamba neno lenyewe limekufa. Mfaransa wa leo akitaka mhunzi atasema forgeron. Ukimwambia fèvre atakukodolea macho. Limebaki kwenye majina ya watu, na kwenye neno moja tu la kazi: orfèvre, mhunzi wa dhahabu, yaani sonara.

Sasa utauliza, ilikuwaje jina la utani la mtu mmoja likawa la wajukuu wa vitukuu? Hapo zamani, kama miaka elfu iliyopita, Mfaransa wa kawaida alikuwa na jina moja tu la ubatizo. Watu wakaongezeka, majina hayakuongezeka. Kila mtu akawa Jean, Pierre, Guillaume. Ukiita Jean sokoni wanageuka kumi. Ndipo kuanzia karne ya 11 na ya 12 wakaanza kubandikana vitambulisho, na hapo hawakuwa tofauti na sisi pale barazani. Si unamkumbuka Ali Kipara na Ali Kibogoyo? Basi Wafaransa wana Petit, yaani Mdogo, Legrand, Mrefu, Leroux, mwenye nywele nyekundu, Moreau, mweusimweusi. Camus ni mwenye pua bapa. Boileau ni "kunywa maji" na Boivin ni "kunywa mvinyo", na huyo wa maji nadhani alikuwa mlevi waliyekuwa wakimcheka tu. Leroy ni Mfalme, wako tele huku Kaskazini na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye kiti cha enzi. Huenda babu yao alishinda shindano la kulenga mishale, ambako mshindi aliitwa mfalme wa mwaka, au alikuwa na majivuno tu na kijiji kikamkomesha.

Wengine waliitwa kwa mahali. Dubois wa msituni, Dupont wa darajani, Dupuis wa kisimani. Huku kwetu kuna Duquesne. Kwa Mfaransa wa kwingine ni Duchêne, wa mti wa mwaloni, maana lahaja ya hapa, Kipikardi, hutia k pale Paris wanapotia sh. Ndiyo maana seremala wa Paris ni Charpentier na wa kwetu ni Carpentier. Yule bondia Georges Carpentier, bingwa wa dunia mwaka 1920, alizaliwa Liévin, mwendo mfupi kutoka hapa. Ungemsikia jina tu ungejua ni wa upande huu.

Na leo hii nakuandikia siku ya mwenye jina linaloongoza Ufaransa nzima. Si Lefebvre, ni Martin. Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin, askari wa Kirumi ambaye, wanasema, alimkuta maskini akitetemeka kwenye lango la mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Baadaye akawa askofu wa Tours, akafa mwaka 397. Watu wakawaita watoto wao Martin kwa wingi, na hao watoto jina lao likageuka la ukoo. Hapo Dunkerque, jana usiku watoto walipita mitaani na taa za viazisukari vilivyochongwa, kwa ajili yake. Cha ajabu, Martinus maana yake ni "wa Mars", mungu wa vita wa Warumi. Mtakatifu wa huruma kabeba jina la vita, na hakuna anayejali.

Turudi kwa mhunzi. Mwezi uliopita nilikaa jikoni na baba mkwe, kahawa yao ile iliyochanganywa na mizizi ya chikori mbele yetu (nimeizoea, Mungu anisamehe), tukafungua madaftari ya zamani ya ubatizo. Hifadhi ya nyaraka ya mkoa imeyaweka yote kwenye intaneti, bure, ukurasa kwa ukurasa. Tukafika kijiji kimoja karibu na Cambrai, mwaka 1702. Wino umekuwa kahawia kama chai ya rangi, doa la maji pembeni. Padri anambatiza mtoto. Kwenye ukurasa huo huo mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, kaandika jina la ukoo ule kwa namna tatu: Le Febvre, Lefebure, Lefeure. Nikadhani ni watu watatu. Mzee akacheka. Siku hizo u na v zilikuwa kama herufi moja, na kila mwandishi alikata shauri lake. Leo wako watu wanaoitwa Lefébure, wanaotamka u kabisa, kwa sababu mtu fulani aliisoma vibaya ile v na kosa likapata wajukuu.

Lakini si hicho kilichonikaa moyoni. Chini ya ukurasa, palipotakiwa saini ya baba wa mtoto, pana msalaba mdogo uliopinda, mkono wa mtu asiyejua kalamu. Na kazi yake imeandikwa: mulquinier, mfumaji wa kitani laini. Yule Mhunzi, Abdallah, alikuwa mfumaji. Tayari mwaka 1702 hakuna aliyemkumbuka mwenye nyundo. Jina lilikuwa limeshaganda.

Na sheria nazo zilishiriki kuligandisha, kabla yake na baada yake. Agosti 1539, mfalme François wa Kwanza alitia saini amri pale Villers-Cotterêts: kesi na hati ziandikwe Kifaransa, na mapadri waweke madaftari ya ubatizo. Halafu yakaja Mapinduzi, na sheria ya tarehe 23 Agosti 1794 ikakata mzizi wa fitina: hakuna raia kutumia jina jingine zaidi ya lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Kwa sheria hiyo hiyo mke wangu, hata baada ya ndoa, bado ni Lefebvre kwenye kila hati ya msingi. Jina la mume ni la kutumia tu akitaka. Nilipomwambia mama kwa simu alishangaa nini kipya. Yeye ni binti Salehe tangu azaliwe, na marehemu baba hakumbadilisha.

Hapo Villers-Cotterêts nikusimulie kidogo, maana ndipo alipozaliwa Alexandre Dumas mwandishi, mwaka 1802. Dumas ni jina la kusini: mas ni nyumba ya shamba, kwa hiyo ni "wa nyumba ya shambani". Lakini babu yake mzaa baba hakuwa Dumas. Alikuwa bwana mkubwa, Davy de la Pailleterie, mwenye cheo cha marquis, aliyekwenda kisiwa cha Saint-Domingue, ambako leo ni Haiti. Huko alizaa na mtumwa mweusi, Marie-Cessette Dumas. Mtoto wao, Thomas-Alexandre, aliletwa Ufaransa, na mwaka 1786 alipojiandikisha jeshini kama askari wa kawaida, aliacha jina refu la baba lenye cheo, akachukua la mama. Miaka saba baadaye alikuwa jenerali. Kwa hiyo jina ambalo Wafaransa wanalipachika kwenye mitaa na shule zao ni la mwanamke mtumwa. Kila nikipita kwenye kibao chake namsalimu bibi kimoyomoyo.

Na hili nalo linatufikia sisi wa pwani. Unajua Kilwa, unaijua kwa misikiti na magofu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, sarafu za fedha, piastre, 20 kwa kichwa kimoja, wapelekwe visiwa vya Ufaransa vya Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Watu wale waliondoka na majina yao, majina kama yetu. Huko wakapewa jina moja moja kama punda. Utumwa ulipokomeshwa Réunion, tarehe 20 Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 walihitaji jina la ukoo ili waandikwe raia. Martinique na Guadeloupe, visiwa vyao vya Karibi, ilikuwa hivyo hivyo. Karani anakaa mezani, foleni mlangoni, na kichwa chake kinaisha majina. Akachota kwenye kalenda ya watakatifu, kwenye historia ya Roma, kwenye mimea. Pengine akalichukua jina fulani na kulipindua herufi. Huku Ufaransa kijiji kizima kilihusika kumpa mtu jina, hata kama ni la kumcheka. Kule ilitosha asubuhi moja ya mtu mmoja aliyechoka.

Nina mwenzangu kazini, mzaliwa wa Réunion, jina lake la ukoo ni la jemadari wa Kirumi. Siku moja nikamuuliza kwa mzaha kama babu zake walipigana na ndovu wa vita. Alinyamaza, kisha akasema, "Babu zangu huenda walitoka kwenu." Tangu siku hiyo simtanii kwa hilo.

Haya, sasa shida yangu, ambayo ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Unalijua jina langu: Salim Rashidi Mbwana. Mimi, baba, babu. Kwetu hiyo ni kamba ya vizazi vitatu. Anazaliwa mmoja mbele, anaachia mmoja nyuma. Lakini pasipoti ilipotakiwa kuwa na jina la ukoo, wakachukua la tatu. Nilipofika huku nikawa Monsieur Mbwana. Bwana Mbwana, Abdallah! Nikieleza hapa hakuna anayecheka, nacheka peke yangu. Angalau hawapati taabu kulitamka, kwa ajili ya Mbwana Samatta, yule mwanasoka wetu, maana alichezea Genk, Ubelgiji, hapo jirani tu. Ofisi moja hata hivyo ilimfanya Rashidi kuwa jina langu la pili la ubatizo, na barua zao bado zinakuja kwa mtu anayeitwa Salim-Rashidi, ambaye simjui.

Mtoto akizaliwa nina siku tano za kwenda ofisi ya manispaa kumwandikisha. Tangu mwaka 2005 wazazi huku wanachagua: jina la baba, la mama, au yote mawili kwa mpangilio wautakao. Wakishindwa kuelewana na mmoja akalalamika, sheria inampa mtoto yote mawili kwa kufuata alfabeti. L kabla ya M. Tukigombana, basi, mtoto ni Lefebvre Mbwana, Yule Mhunzi Bwana. Mke wangu anasema hata bila ugomvi linapendeza.

Na mimi nalipenda. Lakini fikiria. Angezaliwa Tanga, mwanangu angekuwa fulani Salim Rashidi. Babu Mbwana angeachia kamba, apumzike, ndivyo ilivyo, hata yeye alimsukuma mtu. Huku ni kinyume. Babu Mbwana, aliyekuwa akivua kwa ngalawa pale Chongoleani na hakuwahi kukanyaga hata Arusha, ndiye atakayeganda kwenye kengele za Lille kama yule mfumaji wa 1702, na miaka mia ijayo mtoto wa Kifaransa atauliza Mbwana maana yake nini. Anayetoka ni baba. Rashidi, aliyenipeleka shule kwa baiskeli, haonekani popote. Nililikalia hilo siku tatu, sikumwambia mtu.

Mwisho nikamwambia mke wangu jikoni. Akafuta mikono, akasema huku mtoto anaruhusiwa majina ya kwanza mawili, matatu, hata manne. La pili liwe Rashidi. Nikamwambia, na akiwa wa kike? Akasema, "Karani ataandika. Kazi yake ni kuandika."

Basi tumeafikiana. Kuna jambo moja nakuomba. Bibi Mwanaidi bado ana akili zake, na wewe ndiye anayekupenda kuliko wajukuu zake. Ijumaa ukitoka msikitini pita kwake na sukari kidogo. Muulize babu Mbwana alipewa jina hilo na nani, na baba yake babu aliitwaje, maana mimi naishia kwake. Andika kama anavyosema, usinyooshe kitu. Nitumie kwa simu, usisubiri posta. Daktari anasema ni mwanzo wa Desemba, na watoto hawafuati tarehe za daktari.

Msalimie mzee. Mwambie huku kuna watu maelfu wenye jina la kazi yake, na wengi wao hawajui hata mivukuto inapulizwaje.

Wako,
Salim